Klabu Mbili za Herbert Chapman

Aprili 26, 1930, timu mbili ziliingia uwanjani Wembley zikiwa bega kwa bega kucheza fainali ya Kombe la FA. Siku hizo kila timu ilitoka kivyake. Safari hii ziliambatana kwa heshima ya mtu mmoja, kocha Herbert Chapman, kwa kuwa zote mbili zilikuwa kazi ya mikono yake. Huddersfield Town ndiyo iliyokuwa na jina: ilikuwa imetwaa ubingwa wa Uingereza mara tatu mfululizo, 1924, 1925 na 1926, jambo ambalo hakuna klabu iliyokuwa imelifanya kabla yake. Arsenal, katika miaka 44 ya uhai wake, haikuwa imeshinda kombe hata moja kubwa. Alex James akafunga, Jack Lambert akafunga, Arsenal ikashinda 2-0.

Tangu siku ile Huddersfield haijatwaa tena ubingwa wala Kombe la FA. Arsenal ilichukua ubingwa mara tano kabla ya vita kuu ya pili: 1931, 1933, 1934, 1935 na 1938.

Kwa mchambuzi kisa hiki ni adimu. Tukilinganisha klabu mbili, mara nyingi hatujui kipi kimeletwa na kocha, kipi na bahati, na kipi na klabu yenyewe. Hapa kocha ni yuleyule, zama ni zilezile, na kikomo cha mishahara ya wachezaji ni kilekile kwa wote. Tofauti inabaki kwenye klabu, na ndipo tunapoweza kuona ukubwa unatengenezwa na nini.

Kwenye vijiwe vyetu swali hili hujibiwa kwa kuhesabu makombe. Kipimo hicho hakifiki mbali. Huddersfield ina ubingwa wa ligi mara tatu na Tottenham mara mbili, 1951 na 1961, lakini sijawahi kukutana na mtu anayesema Huddersfield ni kubwa kuliko Tottenham. Manchester City ilipotwaa Kombe la Ulaya kwa mara ya kwanza mwaka 2023, Nottingham Forest ilikuwa na mawili kabatini tangu 1979 na 1980. Makombe ni matokeo ya timu. Ukubwa ni jambo la klabu, na hujengwa kwa vitu vingine kabisa.

Tuanze na kazi ya kwanza ya Chapman, kwa maana ilikuwa kazi safi. Huddersfield ilianzishwa mwaka 1908 katika mji wa viwanda vya sufu kule Yorkshire. Mwaka 1919 hali ya fedha ilikuwa mbaya kiasi kwamba mpango wa kuihamishia Leeds uliwekwa mezani, na wenyeji walichangishana ili ibaki. Chapman alikabidhiwa timu mwaka 1921. Mwaka uliofuata akashinda Kombe la FA. Mwaka 1924 akatwaa ubingwa kwa tofauti ndogo mno ya uwiano wa mabao dhidi ya Cardiff City. Msimu wa 1924-25 hakuna timu iliyoweza kuifunga Huddersfield zaidi ya mabao mawili katika mechi moja ya ligi. Timu yake ilikaba kwa nidhamu, ikashambulia kwa kasi kupitia pembeni, na kikosi cha akiba kilifundishwa mtindo uleule wa kikosi cha kwanza ili anayeingia asiharibu mpangilio.

Kiufundi hapakuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa nje ya uwanja. Huddersfield ulikuwa mji wa watu zaidi kidogo ya laki moja, na hata hao hawakuwa wa soka peke yake. Ni katika mji huohuo, kwenye hoteli ya George, ambako mwaka 1895 klabu za kaskazini zilikutana na kuanzisha chama kilichokuja kuwa cha raga ya wachezaji 13. Raga ilikuwa dini ya wenyeji kabla soka haijabisha hodi. Ukitoka nje ya mji unakutana na Leeds upande mmoja, Bradford upande mwingine, na Manchester ng'ambo ya vilima. Wakati ule klabu iliishi kwa mapato ya mlangoni. Hapakuwa na fedha za televisheni wala za kuuza jezi. Bingwa mara tatu alikuwa na dari juu ya kichwa chake, na dari hiyo ilikuwa idadi ya watu wanaoweza kufika uwanjani Jumamosi mchana.

Chapman aliliona hilo. Mwaka 1925, akiwa bingwa mara mbili, aliondoka kwenda kwenye klabu iliyokuwa imetoka kuponea chupuchupu kushuka daraja.

Lakini Arsenal aliyoikuta ilikuwa tayari imewekewa msingi, na hapo ndipo wasimulizi wengi wanaruka. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, kusini-mashariki ya London, ng'ambo ya mto Thames. Kufika huko kulikuwa shida, watazamaji walikuwa wachache, na mwaka 1910 klabu ilifilisika. Henry Norris, mfanyabiashara wa majengo aliyekuwa pia na mkono katika klabu ya Fulham, akaichukua. Alijaribu kwanza kuziunganisha klabu hizo mbili, akakataliwa na ligi. Kisha akatafuta ardhi.

Alichokitafuta hasa kilikuwa reli. Huko Highbury, kaskazini mwa jiji, palikuwa na viwanja vya chuo cha theolojia, na kando yake kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Gillespie Road kilichofunguliwa mwaka 1906. Mtu angeweza kupanda treni katikati ya London na kushuka hatua chache kutoka langoni. Norris alilipa pauni 20,000 kwa mkataba wa kukodi eneo hilo. Tottenham na Clapton Orient zililalamika kuwa mtaa wao unavamiwa, na zilikuwa na haki ya kuogopa. Mwaka 1913 Arsenal ilihamia Highbury ikiwa imetoka kushika mkia na kushuka daraja. Yaani timu ilikuwa mbovu kuliko wakati wowote wa historia yake, na wakati huohuo klabu ilikuwa inafanya uamuzi bora kuliko wote.

Hatua iliyofuata haina usafi huo. Mwaka 1919 Daraja la Kwanza lilipanuliwa kutoka timu 20 hadi 22, na nafasi moja ikaamuliwa kwa kura. Arsenal, ambayo kabla ya ligi kusimama kwa vita kuu ya kwanza ilimaliza nje ya nafasi mbili za juu za Daraja la Pili, ilipata kura 18 dhidi ya 8 za Tottenham. Tuhuma za mipango ya pembeni zimekuwepo tangu siku hiyo bila kuthibitishwa. Sioni sababu ya kuzificha: klabu kubwa nyingi zina ukurasa wa namna hii katika historia yao, na ushawishi ndani ya vyumba vya vikao ni sehemu ya ukubwa. Tangu kura ile Arsenal haijashuka daraja.

Basi Chapman alipofika alikuta reli, jiji kubwa na Daraja la Kwanza. Kazi yake ikawa kuugeuza uwezo huo kuwa nguvu.

Uwanjani alianza na bahati mbaya. Mwaka huo wa 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa: badala ya kuhitajika wapinzani watatu kati ya mshambuliaji na mstari wa goli, wakatosha wawili. Mabao yakafurika ligi nzima. Oktoba 3 Arsenal ilifungwa 7-0 na Newcastle. Charlie Buchan, aliyekuwa amesajiliwa kutoka Sunderland, alishauri kiungo wa kati arudishwe nyuma akae katikati ya mabeki wawili. Chapman akakubali, kisha kwa miaka mitano akalijenga wazo hilo hadi likawa mfumo wa WM: mabeki watatu, viungo wawili mbele yao, washambuliaji wawili wa ndani wanaoshuka kuchukua mpira, na watatu wa mbele wanaosubiri nafasi. Alex James alikuwa kiungo cha mfumo wote. Alipokea mpira kutoka nyuma na kuupeleka pembeni kwa pasi moja ndefu kabla wapinzani hawajarudi. Cliff Bastin, winga, alifunga mabao 33 ya ligi msimu wa 1932-33. Timu ya 1930-31 ilifunga mabao 127. Wapinzani waliona mchezo huo ni wa kubahatisha. Kwa kweli ulikuwa umepimwa.

Wachezaji hao hawakuja bure. Mshahara wa juu ulikuwa pauni 8 kwa wiki katika msimu, kwa klabu kubwa na ndogo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumvuta mchezaji kwa mshahara pekee. Tofauti ilijitokeza sehemu mbili. Ya kwanza ni ada ya uhamisho: mwaka 1928 Arsenal ilimnunua David Jack kutoka Bolton kwa pauni 10,890, ikiwa mara ya kwanza ada kuvuka pauni 10,000, na mwaka uliofuata ikatoa pauni 8,750 kwa Preston ili kumpata James. Fedha hizo zilitoka mlangoni, na waliopita mlangoni walishuka kwenye treni. Sehemu ya pili ni jiji lenyewe. James alipatiwa kazi ya ziada katika duka kubwa la Selfridges, pauni 250 kwa mwaka, akitangaza vifaa vya michezo. Sheria ya soka haikuvunjwa, na mchezaji alipata zaidi. Huddersfield ingempa James duka gani?

Kisha kuna kile ambacho mimi nakihesabu kuwa kazi kubwa zaidi ya Chapman: kuifanya Arsenal ionekane na isikike kila mahali. Januari 22, 1927, mechi ya kwanza ya ligi kutangazwa moja kwa moja na redio ya BBC ilichezwa Highbury, Arsenal dhidi ya Sheffield United. Alitetea namba mgongoni na taa za kuchezea usiku wakati wakuu wa soka walikuwa hawataki kusikia. Mwaka 1933 akaongeza mikono myeupe kwenye jezi nyekundu ili timu itambulike hata kwa mbali. Mikono hiyo ina historia ndefu: mwaka 2018 nafasi ya tangazo juu yake ilinunuliwa na Rwanda ili kuvutia watalii, na jina la nchi ya Afrika Mashariki likawa linapita mbele ya macho ya dunia kila wiki.

Juu ya yote ni kituo. Mwaka 1932, baada ya Chapman kuwashawishi wenye reli, Gillespie Road ikabadilishwa jina kuwa Arsenal. Ramani zikachapishwa upya, tiketi zikachapishwa upya. Mwaka huohuo na uliofuata njia ya Piccadilly ikarefushwa kwenda vitongoji vipya vya kaskazini, na familia zilizohamia huko zikapata treni ya moja kwa moja hadi uwanjani. Mtu asiyejua soka kabisa, akienda kazini asubuhi, alilisoma jina la klabu ukutani. Machi 1935, dhidi ya Sunderland, watu 73,295 waliingia Highbury.

Chapman hakuwaona. Alikufa kwa nimonia Januari 1934, katikati ya msimu. Klabu ikamalizia ubingwa huo, ikachukua na uliofuata chini ya George Allison, mtangazaji wa redio aliyekuwa mkurugenzi wa klabu. Huddersfield nayo ilitwaa ubingwa mmoja baada ya Chapman kuondoka, ikashika nafasi ya pili misimu miwili iliyofuata. Si kweli kwamba iliporomoka mara moja. Iliisha polepole, kwa kukosa namna ya kujaza pengo la kila anayeondoka.

Mfano ulio wazi ni wa Bill Shankly. Alikuwa kocha wa Huddersfield hadi Desemba 1959, alipoondoka kwenda Liverpool, klabu ya Daraja la Pili kama yake. Alikuwa akiwatamani Ron Yeats na Ian St John, na Huddersfield haikuwa na fedha za kuwanunua. Mwaka 1961 Liverpool ilimnunulia wote wawili, ikapanda 1962, ikawa bingwa 1964. Huddersfield ilimuuza Denis Law kwa Manchester City mwaka 1960 kwa pauni 55,000, kisha Ray Wilson kwa Everton. Kikomo cha mishahara kilipoondolewa mwaka 1961, miji midogo ikapoteza kinga yake ya mwisho. Mwaka 1975 bingwa mara tatu alishuka Daraja la Nne.

Arsenal nayo ilipita jangwani. Baada ya ubingwa wa 1953 ilikaa hadi 1970 bila kombe. Mei 1966, mechi ya Highbury dhidi ya Leeds ilihudhuriwa na watu 4,554. Anayedai kuwa klabu kubwa haikimbiwi na mashabiki wake aitazame namba hiyo vizuri. Lakini uwanja ulikuwa palepale, treni zilisimama palepale, daraja lilikuwa lilelile, na miaka mitano baadaye klabu ikatwaa ligi na Kombe la FA katika msimu mmoja. Hata ilipoiacha Highbury mwaka 2006, baada ya kufikiria kuununua Wembley, ilihamia Ashburton Grove, umbali wa kutembea kwa miguu, na kituo kikabaki na jina lake.

Kwa hiyo msomaji, ubishi wa klabu kubwa ukianza tena, au tajiri mwingine akinunua timu na kuahidi makombe, anza kwa kuuliza klabu iko wapi, watu wanaifikiaje, na ni nani analipa inapofungwa. Kwa hesabu hiyo, Arsenal ilianza kuwa kubwa mwaka 1913, ikiwa imeshuka daraja na haina kombe hata moja.