Peter Alipaswa Kumjua: Jinsi Fringe Ilivyofunga Penzi Ndani ya Sayansi

Miswada ya hadithi za kisayansi ninayoletewa na vijana wa Mbeya na Iringa ina kasoro moja inayojirudia. Mitambo iko upande huu, mapenzi yako upande ule. Ukurasa wa tano roketi inaruka, ukurasa wa sita kijana anamwambia binti kwamba anampenda, na ukiiondoa roketi penzi linabaki vilevile. Wengi wao wamejifunza kwa sizoni za nje wanazojaziwa kwenye flashi madukani, kwa hiyo leo nachukua mojawapo ya sizoni hizo, Fringe, niifungue tuone kipi kimefungwa na kipi.

Fringe ilirushwa na Fox ya Marekani kuanzia Septemba 2008 hadi Januari 2013, sehemu 100 katika misimu 5. Kwa juu ni kazi ya upelelezi: kikosi cha FBI kinachunguza vifo vya ajabu vinavyotokana na majaribio ya kisayansi. Kwa ndani ni penzi la Olivia Dunham, mpelelezi, na Peter Bishop, mwana wa Walter, mwanasayansi aliyetolewa hospitali ya wagonjwa wa akili baada ya miaka 17.

Mwanzoni Olivia hampendi Peter. Anampenda mpelelezi mwenzake, John Scott, ambaye anadhurika kwa kemikali katika sehemu ya kwanza kabisa. Ili amwokoe, Olivia anakubali kulazwa ndani ya tangi la maji akiwa amepewa dawa, akili yake iunganishwe na ya mgonjwa. John anazinduka, anaonekana kuwa msaliti, kisha anakufa. Lakini kumbukumbu zake zimeshahamia kichwani mwa Olivia, naye anaendelea kumwona. Hapo ndipo ufundi unapoanza. Majonzi ambayo tamthilia nyingine ingeyaonesha kwa muziki wa taratibu na picha ukutani, hapa yamepewa umbo na mtambo. Tunaelewa kwa nini mwanamke huyu amejifunga moyo, wala hakuna aliyesimama kutueleza.

Nenda sehemu ya 15 ya msimu wa pili, Jacksonville. Olivia alipokuwa mtoto, Walter na mwenzake walimfanyia majaribio kwa dawa iitwayo Cortexiphan. Ilimpa uwezo wa kuona kitu kilichotoka ulimwengu wa pili, ulio sambamba na wetu, kikimetameta, lakini uwezo huo huamshwa na hofu tu, na Olivia mtu mzima amejizoeza kutoogopa. Jengo moja la New York liko karibu kuvutwa hadi ulimwengu huo pamoja na watu wake. Ni yeye pekee awezaye kulitambua, na anashindwa. Peter anakuja kumfariji, nyuso zinakaribiana, wanataka kubusiana, na Olivia anarudi nyuma. Ameogopa. Risasi hazimtishi, anatishwa na kupenda tena. Hofu hiyo ndiyo inayomfungua macho, na jengo linaonekana.

Waandishi wangeishia hapo nami ningewapongeza, lakini walikuwa na hatua moja zaidi. Jioni Olivia anapita nyumbani kwao Peter watoke pamoja. Anamtazama, naye Peter anametameta. Mtu aliyeanza kumpenda hakuzaliwa katika ulimwengu huu. Walter alimchukua upande wa pili mwaka 1985 akiwa mtoto. Kwa hiyo penzi limeamsha uwezo, uwezo umefichua siri, na siri ndiyo itakayolivuruga penzi. Jaribu kuondoa kiungo kimoja uone kama vingine vinasimama.

Msimu wa tatu ndio kilele, na kwangu hakuna msimu wa tamthilia ya kisayansi ulioshika jambo hili vizuri zaidi. Mwishoni mwa msimu wa pili Olivia anavuka hadi ulimwengu wa pili kumrudisha Peter aliyekwenda huko, wanabusiana, kisha yeye anatekwa. Anayerudi na Peter ni Olivia wa upande ule: sura ileile, maisha mengine. Mama yake yu hai, anacheka kwa wepesi, mabega yake hayajakaza. Mwigizaji Anna Torv anabeba mizigo mitatu: anakuwa Olivia, anakuwa Olivia wa pili, na anakuwa Olivia wa pili anayejifanya Olivia. Sehemu zinapishana, upande huu zikianza kwa maandishi ya bluu, upande ule kwa mekundu. Sisi tunajua tangu mwanzo. Peter hajui, na anazama katika penzi.

Wakati huohuo Olivia wa kweli amepandikizwa kumbukumbu za mwenzake hadi anaamini yeye ndiye yule. Anayemkumbusha jina lake ni Peter wa mawazoni mwake. Yaani anaokolewa na sura ya mwanamume ambaye, upande wa pili, yuko na mwanamke mwingine.

Anaporudi, sehemu iitwayo Marionette ya Desemba 2010 inamkabidhi hesabu hiyo. Peter anakiri. Olivia anasema anaelewa. Baadaye, nyumbani kwake, anakusanya nguo zote azifue, anavua mashuka, kisha anavunjika. Hatamki neno. Siku hizo anachunguza kesi ya mtu aliyekusanya viungo vya msichana aliyempenda, vilivyopandikizwa kwa wagonjwa mbalimbali, akamfufua. Mtu huyo anakiri kwamba alipomtazama machoni alijua mara moja kuwa si yeye. Basi. Olivia anatoka pale akiwa na jambo la kumwambia Peter: mwendawazimu yule aliweza kujua, wewe ulishindwaje? Kesi ya kisayansi ya wiki ile ndiyo iliyomletea ushahidi wa kesi ya moyo wake.

Misimu iliyofuata sina mengi ya kuisifia kwa upande huu. Peter anafutwa katika historia, anarudi, Olivia hamkumbuki, na kumbukumbu zinarejeshwa kwa dawa ileile. Dawa inafanya kazi ambayo mhusika alipaswa kuifanya mwenyewe.

Nataka turudi kwenye yale mashuka ya Olivia na ukimya wake. Wengi wetu tulikulia kwenye mabanda ya video, tukisikiliza muvi zilizotafsiriwa na magwiji kama Derek Gaspar Mukandala, maarufu Lufufu. Sauti moja ilibeba wahusika wote, ikatufafanulia walichowaza na walichoficha. Ni sanaa kubwa na naiheshimu, lakini ni sanaa ya msimuliaji. Kijana akiihamishia kwenye mswada, kila mhusika anakuwa mfafanuzi wa moyo wake mwenyewe, na hapo Olivia angesimama kando ya kitanda akihutubia.

Karibu nasi, Kenya wameshajaribu njia ya kufunga penzi ndani ya sayansi. Usoni, tamthilia aliyoibuni Marc Rigaudis na wanafunzi wa chuo kikuu cha USIU Nairobi, inawaweka wapenzi Ophelia na Ulysse katika Ulaya iliyopoteza jua, wakikimbilia Afrika. Janga ndilo linalowatia njiani. Bila hilo hakuna safari, na bila safari hakuna cha kupima penzi lao.

Nyanda za Juu Kusini tuna nguzo za asili za Isimila zinazofanana na za sayari nyingine, na tuna Kimondo cha Mbozi, chuma cha takribani tani 16, kilichokuwa mkoani Mbeya hadi Songwe ulipozaliwa mwaka 2016. Vijana wanakitumia kama mandhari ya kubusiana. Kipeni kazi. Tuseme anayekigusa husikia, kwa siku moja, kila neno ambalo mwenzake aliwahi kutaka kumwambia akalimeza. Dereva wa lori anakigusa akielekea Tunduma. Amekwama kwenye foleni ya mpakani, na sauti ya mkewe aliyeko Mafinga inaanza: miaka yote ya maneno yaliyomezwa. Mke hajui kama amesikiwa.

Onesho la kuandika kwanza ni lile la dereva kurudi Mafinga, mke anamwekea maji ya kuoga na kumuuliza safari ilikuwaje. Asimwambie kitu. Mswada utakaonionesha mikono ya huyo mume wakati anajibu, nitausoma usiku uleule.