Milimita za Mtelezo

Lalisha mbao mbili zinazolingana, moja juu ya nyingine bila gundi, kisha zikalie katikati. Zitapinda, na kwenye ncha utaona moja imeteleza juu ya mwenzake. Zigandishe ziwe kitu kimoja, na ugumu wake wa kupinda unafika mara 4. Ndiyo maana vijiti vya chuma vyenye vichwa huchomelewa juu ya boriti za daraja kabla ya zege la slabu kumwagwa.

Ila kijiti si gundi. Kikisukumwa, shina lake hupinda kidogo na zege lililo mbele yake husagika. Mwaka 1971, Ollgaard, Slutter na Fisher wa Chuo Kikuu cha Lehigh, Marekani, walichapisha majaribio ya kusukuma kipande cha boriti kilichoshikwa na slabu mbili, huku na huku, mpaka viungo vishindwe. Mchoro wao wa nguvu na mtelezo hupanda karibu wima, halafu hulala polepole. Hauna kona. Huwezi kuuwekea kidole na kusema: hapa ndipo kilipoanza kulegea.

Sasa mhandisi mwenye haraka, akiunda modeli ya daraja kwenye kompyuta, huchora slabu na boriti kwenye kimo kimoja, zikitumia nodi zilezile, yaani pointi zilezile za kuunganishia. Kompyuta hailalamiki, inampa daraja legevu kuliko lililopo. Mjuzi huacha kila kitu mahali pake. Slabu ya milimita 250 ikikaa juu ya boriti yenye kina cha 1,200, vitovu vyao vimeachana milimita 725. Anaviunganisha kwa mikono migumu, na pale zege linapogusa chuma anatia springi: ngumu kwenda juu, kwa sababu vichwa vinaizuia slabu isinyanyuke, lakini yenye kulegea kidogo kufuata urefu wa boriti. Eurocode 4, kanuni ya Ulaya ya miundo ya chuma na zege, inaruhusu ugumu wa takriban kilonewtoni 100 kwa milimita kwa kijiti cha kipenyo cha milimita 19. Vikipangwa viwili viwili kila milimita 200, na nodi zikiwa kila 600, springi moja inawakilisha vijiti sita, yaani kilonewtoni 600 kwa milimita.

Kwa kukadiria mpindo tu, kiungo kigumu kabisa kingetosha, tusidanganyane. Springi inalipa pale unapotaka kujua kijiti kipi kinaumia malori yanapopita miaka na miaka.

Halafu kuna wakati. Zege likiwa bichi, boriti inalibeba peke yake, kwa hiyo springi hazipo bado. Juu ya nguzo za kati zege huvutwa, likapasuka, na ugumu wake hauhesabiwi tena.

Kinachonivutia zaidi ni usomaji wa majibu. Momenti ya slabu ni ndogo, ya boriti ni ya wastani. Sehemu kubwa imejificha kwenye jozi ya nguvu, slabu ikibanwa na boriti ikivutwa, mara zile milimita 725. Mjuzi hujumlisha zote tatu kwa mkono. Kwa daraja la upenyo mmoja lenye mzigo uliotandazwa sawa, jumla katikati lazima iwe mzigo kwa mita, mara mraba wa urefu, gawanya kwa 8. Isipolingana, anarudi kukagua mikono yake, mmoja baada ya mwingine.