Fani Isiyotengeka na Maudhui: Uhakiki wa Shairi Fupi kutoka Enanga hadi Malenga wa Bara

Katika shule za sekondari za Tanzania, ziwe za Rwamishenye mjini Bukoba au za Tanga, mwanafunzi hufundishwa kuchambua shairi kwa mafungu mawili. Chini ya maudhui huorodhesha dhamira, migogoro na ujumbe. Chini ya fani, muundo, mtindo na matumizi ya lugha. Riwaya huweza kuhimili mgawanyo huo. Shairi la mishororo minane haliuhimili, kwa kuwa ndani yake namna ya kusema ndiyo sehemu kubwa ya kinachosemwa.

Anwani ya Malenga wa Bara (1976), diwani ya K. K. Kahigi na M. M. Mulokozi, yatosha kuwa mfano. Malenga ni mtunzi aliyebobea, na neno hilo limekuzwa na ushairi wa pwani. Kwa msomaji aliyekwisha kuisoma Malenga wa Mvita (1971) ya Ahmad Nassir, anwani hiyo ni mwingilianomatini wenye dai: heshima ya malenga haina mwambao peke yake. Mchambuzi atakayeandika "uteuzi wa maneno" upande mmoja na "utaifa" upande wa pili atakuwa amevitaja vyote bila kuliona dai lenyewe.

Kasoro hiyo ilijitokeza pia katika mgogoro wa mashairi huru uliopamba moto baada ya Kichomi (1974) ya Euphrase Kezilahabi. Wanamapokeo walikosoa ukosefu wa vina na mizani, na mara nyingi chimbuko lake likatafutwa Ulaya. Hata hivyo, tendi za enanga za Wahaya, alizozitafiti Mulokozi katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986, huimbwa kwa ala ya nyuzi, na mshororo wake hauongozwi na vina vya pwani bali na uimbaji wenyewe. Hilo halithibitishi kwamba enanga ndiyo iliyozaa shairi huru. Kezilahabi alikuwa mwana wa Ukerewe, si Mhaya. Linathibitisha tu kwamba kukosa vina si kukosa utaratibu, na kwamba kuchagua kati ya pwani na Ulaya ni kuisahau bara yenyewe.

Kwa hiyo, swali la "taja tamathali tatu" halitoshi. Mwanafunzi aulizwe: tamathali hii ikiondolewa, ni dhamira gani itakayopotea? Akikosa jibu, ama tamathali hiyo ni pambo tu, ama shairi bado halijasomwa.