Wati 5 za Mjomba

Ampu yenyewe ni ndogo kuliko debe. Ina mkono wa ngozi uliokauka, kitambaa cha mbele kilichogeuka rangi ya chai, spika moja ya inchi 8 na swichi mbili za kuzungusha, ya sauti na ya toni. Beji ya kampuni iling'oka kabla sijazaliwa. Mjomba aliitumia kujifunzia gitaa la solo hapa Musoma miaka ya 1970, na alipofariki ikawekwa juu ya kabati, ikabeba magazeti na dawa za mbu kwa miaka mingi.

Mwaka jana binamu yangu alipata mteja wa Mwanza aliyetaka kutoa laki 6. Binamu ana binti aliyekuwa anaingia kidato cha tano, na orodha ya vitu vya bweni ilikuwa mezani. Akanipigia simu: "Kaka, wewe ndiye unayejua magitaa. Kama ina thamani zaidi ya hapo niambie. Kama haina, Jumamosi inaondoka."

Nilimwomba wiki mbili. Hii ni taarifa ya wiki hizo, na ni uhakiki pia, kwa sababu nilichoulizwa ni swali la mhakiki: kitu hiki kina uzuri gani, na uzuri huo ni wa nani?

Wanaozisifu ampu hizi ndogo za valvu wako wengi, na neno lao kubwa ni "joto". Sauti yake, wanasema, ina joto. Neno hilo halinisaidii. Musoma joto ni kitu unachokikimbia saa tisa alasiri ukatafute upepo wa ziwa. Sisi sauti tunaiita tamu, au nzito, au tunasema gitaa linalia. Mke wa mjomba, nilipomuuliza mumewe alikuwa akisema nini kuhusu kidude hiki, alifikiri kidogo akajibu, "Alikuwa anasema inajibu." Neno hilo nikaondoka nalo.

Kituo cha kwanza kilikuwa Bunda, kwa fundi redio wa zamani. Siku hizi riziki yake ni kubadilisha vioo vya simu. Alifungua mfuniko wa nyuma akanionyesha valvu 3, ambazo yeye huziita taa: moja ya kunyoosha umeme, EZ80, moja ya kukuza sauti kwa mara ya kwanza, ECC83, na EL84, inayosukuma spika. Hiyo ya mwisho ikiwa peke yake hutoa kama wati 5. Alinizuia nisiingize mkono. Ndani kuna zaidi ya volti 250, na kapasita hubaki na umeme hata waya ukishachomolewa ukutani. "Hii hata ikifa inauma," alisema. Akazimaliza kapasita umeme kwanza, akabadilisha mbili zilizovimba, akasafisha miguu ya valvu, akafunga waya wa ardhi ambao haukuwepo. Kazi ya siku mbili, na malipo yake sitayataja kwa kuwa alinionea huruma.

Ukiwasha kifaa cha trenzista kinaongea papo hapo. Hii inakuacha usubiri karibu nusu dakika, uzi ulio ndani ya kioo upate moto, uwe mwekundu kama kaa la jiko lililopulizwa mara moja. Kisha mvumo mdogo. Kisha nikapiga nyuzi.

Hapo nilielewa neno la mjomba. Ukipiga taratibu, sauti hutoka safi, kila uzi na jina lake. Ukikaza mkono, hukwaruza na kukoroma. Ukilegeza, hurudi kuwa safi. Swichi hujaigusa, ni kidole tu. Sababu yake si uchawi. Ampu nyingi za trenzista zikifika ukomo wa nguvu hukata kichwa cha wimbi la sauti ghafla, kama panga, na sikio husikia ukali. Valvu katika saketi ya namna hii hukiinamisha kichwa hicho polepole kabla ya kukikata. Umeme wa ndani nao hulegea kidogo unapopiga kwa nguvu, halafu hupanda tena, kwa hiyo noti inaingia kwa kusukumwa kisha inavimba. Ampu kubwa ya wati 50 ina tabia hiyo hiyo, ila kuifikisha kwenye ukomo wake ni lazima umfukuze jirani. Udogo ndio unaoleta ukomo karibu na mkono. (Wati 50 si kelele mara kumi ya wati 5, kama wauzaji wanavyopenda kutuaminisha, sikioni ni kama mara mbili tu.)

Ndiyo maana Eric Clapton, aliyekuwa na uwezo wa kununua ukuta mzima wa spika, alirekodi Layla mwaka 1970 kwa Fender Champ, ampu ya wati 5 hivi iliyotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi. Tangu hapo vifaa vya wanafunzi vikawa vitu vya kutunzwa kabatini, na bei ikafuata.

Lakini hadithi hiyo ina kasoro, na anayeijua muziki wa Mara ataiona mara moja. Mpiga gitaa mkubwa kuliko wote waliotoka mkoa huu hakukwaruza. D. O. Misiani alizaliwa mwaka 1940 upande wa Shirati, akavuka mpaka, akawa mmoja wa wajenzi wa benga nchini Kenya, na bendi yake ikachukua jina la kwao: Shirati Jazz. Alifariki kwa ajali ya barabarani mwaka 2006 huko Kisumu. Sikiliza Piny Ose Mer, albamu ambayo GlobeStyle ya London iliitoa mwaka 1989. Gitaa la solo limenolewa, linang'aa, halina hata chembe ya mchanga. Ningempa Misiani ampu ya mjomba ukumbini, angenirudishia kabla ya wimbo wa pili. Wati 5 hazishindi ngoma, wala besi ya benga inayorukaruka, wala watu 200 wanaocheza. Wala hazishindi mvua juu ya bati. Hilo nimelijaribu mwenyewe.

Basi kwa nini mjomba, aliyempenda Misiani kuliko redio nyingine yoyote, aliikazia ampu yake mpaka ikakoroma? Mke wake ndiye aliyenipa njia. Alisema mjomba alikuwa akienda Butiama mara kwa mara kukaa na mzee mmoja wa Kikurya aliyehamia huko, mpiga litungu. Mzee bado yupo.

Kutoka Bunda nilishuka Makutano nikapanda bodaboda, ampu magotini, gitaa mgongoni. Dereva aliuliza kama naenda kuhubiri.

Mzee alipokea shikamoo, akaitazama ampu akacheka. Aliijua. Kabla ya lolote alinipigia litungu lake: nyuzi 8, ngozi, mbao, na sauti ya chini inayotetemeka kana kwamba kuna nyuki ndani ya kibuyu. Mtetemo huo si uchakavu. Uzi mmoja ulipotoka safi mno aliusimamisha wimbo akausogeza kidogo kwenye daraja lake, mpaka ukaanza kunguruma kama wenzake, ndipo akaendelea. Kisha akaniambia nichomeke changu. Kwa adabu nilipunguza sauti, nikapiga kwa usafi, kibenga. Alisikiliza kidogo.

"Mbona unaiziba koo?" aliuliza.

Nilipoifungua, na EL84 ikaanza kukoroma, alitikisa kichwa kwa kuridhika na kuingia na litungu chini yangu. Hatukuwa kwenye tyuni moja. Haikumsumbua.

Hukumu yangu ilikaa sawa njiani kurudi Musoma. Litungu ni la mtu mmoja. Mwimbaji hana besi, hana rithim. Ngurumo ya nyuzi ndiyo inayoijaza nyumba na kumfanya asiwe peke yake. Nyatiti ya Waluo nayo ni hivyo, na chuma chake cha kidole cha mguu kinachogonga mpigo. Nyatiti ilipohamia kwenye gitaa na kuwa benga, kazi ya mtu mmoja iligawanywa kwa watatu au wanne. Magitaa mawili yanayopishana kwa kasi ile hayawezi kukoroma yote, yangekuwa uji. Usafi wa Misiani ni nidhamu ya kundi. Mkoromo ni haki ya aliye peke yake. Mjomba hakuwahi kupata bendi ya kudumu. Alikuwa karani mchana, na usiku alifunga mlango wa chumba cha uani, akawa na kifaa kinachomjibu.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema ampu hizi zina sauti bora. Kwa dansi hazifai, kwa kwaya hazifai, zinavuma, na valvu mpya zinaagizwa kutoka Urusi, Slovakia au China. Wala sikubaliani na vijana wa kwaya yetu wanaoita kila mkwaruzo uchafu, wakanunua mashine ya kuusafisha. Uzuri wake ni finyu na ni wa kweli: chumba kimoja, mtu mmoja, saa mbili usiku.

Saa mbili usiku, siku moja kabla ya Jumamosi ile, nilikuwa napiga nyumbani umeme ukakatika. Taa ya dari ilizima papo hapo. Ampu haikuzima. Kwa sekunde moja hivi, labda mbili, noti iliendelea kutoka gizani, ikikwaruza zaidi na zaidi jinsi ilivyokuwa inaishiwa, na nyuma ya kitambaa nyuzi tatu nyekundu zikififia bila haraka. Mke wangu aliuliza kutoka jikoni kama nina betri mle ndani.

Nilimpigia binamu kwa tochi ya simu. Nilimwambia kwa bei ya soko laki 6 ni nzuri, asitegemee zaidi, na kwamba mteja wa Mwanza ameshapata mpinzani. Binti alikwenda shule na godoro na sanduku la chuma. Laki 3 nimeshalipa. Laki 3 nyingine binamu ananikumbusha kila tunapokutana msibani.