Mapokezano ya Sauti katika Utunzi wa Justinian Tamusuza: Tathmini ya Mu Kkubo Ery'Omusaalaba

Justinian Tamusuza, mtunzi wa Uganda aliyezaliwa mwaka 1951, alisomea utunzi Belfast na katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kisha akafundisha Makerere. Jina lake lilienea mwaka 1992, Kronos Quartet walipotoa albamu ya Pieces of Africa, iliyobeba sehemu ya kwanza ya Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, utunzi wake wa fidla mbili, viola na selo. Ni rahisi kumwita mtunzi wa namna hiyo daraja kati ya Afrika na Ulaya. Sitiari hiyo haitoshi: inaeleza alikosomea, lakini haielezi muziki wake unavyofanya kazi.

Ufunguo wa utunzi huu ni kanuni ya amadinda, marimba ya Waganda. Mpigaji wa kwanza hupanga mapigo yake kwa nafasi sawa. Wa pili huingiza yake katikati ya hayo. Wa tatu huokota sauti za vibao viwili vya chini na kuzirudia juu. Wimbo unaosikika haumo mkononi mwa mpigaji yeyote. Huzaliwa katika mapokezano yao. Tamusuza anaihamishia kanuni hiyo kwenye nyuzi. Vipande vifupi vinagawanywa miongoni mwa ala nne, na fidla ya kwanza, ambayo katika mapokeo ya Ulaya mara nyingi huongoza wimbo, inapoteza ubwana wake. Kwa hiyo Uganda haikuongezwa kama pambo juu ya umbo la kigeni. Imebadili uhusiano wa wapigaji ndani ya umbo lenyewe.

Hata hivyo, umaarufu wa albamu umeleta tatizo la kiuhakiki. Anwani ya Kiganda inamaanisha “Katika Njia ya Msalaba”, ibada ya mateso yenye vituo vinavyofuatana, ilhali sehemu iliyorekodiwa ina uchangamfu wa ngoma. Msikilizaji anayeishia hapo hupewa mwanzo wa safari bila mwisho wake, na huweza kuhitimisha kuwa furaha ndiyo kauli nzima ya mtunzi. Hitimisho hilo linamgeuza mwanafikra wa umbo na imani kuwa mtumbuizaji. Kazi ya Tamusuza inastahili kupimwa kwa nota zake zote, na wahakiki wa Afrika Mashariki wanaoielewa anwani hiyo bila mkalimani ndio wenye wajibu wa kwanza.