Starlog, Toleo la Kwanza (Agosti 1976): Kiswahili Katika Hadithi za Anga

Katika magazeti ya Marekani yaliyoshughulikia michezo ya televisheni ya sayansi ya kubuni, Starlog lilidumu kwa muda mrefu. Toleo lake la kwanza ni la Agosti 1976, na halikuacha kuchapishwa katika karatasi hata mwaka 2009. Waanzilishi wake, Kerry O'Quinn na Norman Jacobs, walikusudia kwanza kutoa chapisho moja tu juu ya Star Trek. Baadaye wakapanua shabaha yao, likawa gazeti la fani nzima. Hata hivyo asili yake haikufichika: jina lake lakumbusha daftari la safari la nahodha wa mchezo huo.

Jambo lenye thamani kubwa katika toleo hilo ni mwongozo wa michezo ya Star Trek. Michezo hiyo, 79 kwa jumla, ilionyeshwa kwanza baina ya 1966 na 1969. Mwaka 1976 watu wachache mno walikuwa na mashine za kunasia picha nyumbani. Mtazamaji alitegemea marudio ya televisheni na kumbukumbu yake mwenyewe. Kwa hiyo orodha iliyopangwa vyema haikuwa pambo, bali ilikuwa chombo cha utafiti. Lakini muhtasari wa namna hiyo una upungufu wake wa asili: huhifadhi tendo, wala hauwezi kuhifadhi sauti. Na kwa mwanafunzi wa Kiswahili, sauti ndiyo hasa inayotakiwa.

Mfano ni Uhura, ofisa wa mawasiliano, aliyechezwa na Nichelle Nichols. Jina hilo limetokana na neno uhuru, ambalo lilikuwa pia jina la riwaya ya Robert Ruark ya mwaka 1962. Neno uhuru lina kiambishi u- cha dhana na shina huru, lenye asili ya Kiarabu. Irabu ya mwisho ni sehemu ya shina. Ikibadilishwa, shina lapotea. Katika lugha kadhaa za Ulaya -a ya mwisho huashiria jina la mwanamke, lakini sarufi ya Kiswahili haibagui mume na mke. Hata hivyo lawama isizidi kipimo. Kiswahili nacho, kilipolipokea neno hurr la Waarabu, kililivika irabu ya mwisho ili lilingane na matamshi yake. Kila mkopaji hukata nguo kwa kimo chake. Kosa ni kudhani kwamba Uhura ni neno la Kiswahili.

Matumizi ya lugha yenyewe yana maana zaidi. Katika mchezo wa "The Man Trap", ulioonyeshwa Marekani Septemba 1966, kiumbe chenye uchu wa chumvi chajigeuza mtu mweusi na kumsemesha Uhura kwa Kiswahili. Hapo lugha ni chambo. Katika "The Changeling" wa mwaka 1967, mtambo wamfutia Uhura kumbukumbu, naye akiwa katika kufundishwa upya kusoma Kiingereza, Kiswahili chamtoka kinywani anapotatizika. Hapo lugha ni msingi uliosalia baada ya mengine kuondolewa. Hayo ni mawazo mawili yaliyo mbali sana, nayo hayaonekani kwa kusoma kisa peke yake.

Basi toleo hili lastahili kuhifadhiwa katika maktaba, nalo lisomwe kama faharasa njema, si kama ushahidi kamili. Mtaalamu atakayeandika historia ya Kiswahili katika sanaa za ng'ambo ataweza kuanza na orodha hiyo ili ajue mahali pa kutafuta. Kisha itampasa kuufunga ukurasa na kusikiliza, kwani neno lililotamkwa halikadiriwi kwa muhtasari.