Tangi Zuri la Samaki wa Katavi Utalijuaje?

Nikikaribishwa nyumbani kwa mtu hapa Mpanda kuona tangi la samaki, siwaangalii samaki kwanza. Naomba ruhusa, nafunua kifuniko, nanusa. Maji yenye afya yananukia udongo uliopata mvua. Maji mabovu yananuka shombo, na yakizidi yananuka yai viza, hata kama kwa macho yanang'aa. Wengi wanadanganywa na huo mng'ao. Maji meupe pee yaliyotoka bombani jana yanaweza kuwamaliza samaki kwa siku chache, wakati yale yaliyopata rangi ya chai kwa sababu ya majani makavu yaliyotupiwa chini yakawa salama kabisa.

Baada ya hapo nauliza tangi lina muda gani. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na mabaki ya chakula nayo huoza yakaongeza amonia hiyo hiyo. Bakteria wanaojishika kwenye mchanga, mawe na sponji ya chujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo majani huila. Bakteria hao huchukua takriban wiki nne hadi sita kutosha. Kwa hiyo tangi la wiki mbili, lipendeze vipi, silitolei hukumu. Na mwenye tangi akiniambia kwa fahari kwamba kila Jumamosi anatoa maji yote, anasugua kila jiwe na kuchemsha sponji, najua kwamba kila Jumamosi anaanza upya. Anayejua hubadilisha robo au theluthi ya maji, na sponji anaikamulia kwenye ndoo ya maji yale yale ya tangi.

Swali kubwa linafuata: haya ni maji ya wapi? Mkoa wetu una maji ya namna mbili zisizofanana. Magharibi, Ikola na Karema, kuna Ziwa Tanganyika, lenye kina cha takriban mita 1,470, maji magumu yenye pH inayokaribia 9, na mamia ya aina za samaki ambazo nyingi hazipatikani kwingine duniani. Halafu kuna Katuma, mto unaopita Hifadhi ya Taifa ya Katavi kuelekea bonde la Rukwa, na vidimbwi vyake vinavyojaa masika na kukauka kiangazi. Samaki wa jiwe la Ikola na samaki wa tope la Katuma hawakai tangi moja. Nikiwakuta pamoja, mmoja amekunja mapezi na mwingine anatawala, sihitaji kuangalia zaidi. Mwenye tangi amekusanya rangi tu.

Mimi nawapenda zaidi wale wa Katuma, na nasikitika kwamba wengi wetu hapa mjini hatujawahi hata kuwasikia. Mwaka 2012, mwaka ule ule mkoa wa Katavi ulipozaliwa, mtaalamu wa samaki Stefano Valdesalici alizieleza kisayansi aina mbili mpya kutoka bonde la mto huo: Nothobranchius kardashevi na Nothobranchius ivanovae. Ni samaki wa sentimita chache tu wanaoishi kwenye vidimbwi vya msimu. Kidimbwi kikikauka, wakubwa wote hufa. Mayai hubaki ndani ya tope, yamesimamisha ukuaji, yakisubiri mvua. Mvua ikijaza kidimbwi yanaanguliwa, na vifaranga hukua mbio, maana havina mwaka mzima wa kuishi.

Ukiletewa samaki wa jamii hii, zima taa ya chumba, washa tochi, uimulike ubavuni mwa samaki ukiwa umesimama pembeni. Samaki mzima atakuonyesha magamba safi. Ukiona vumbi la dhahabu, laini kama unga, limetapakaa mgongoni na kwenye mapezi, huo ni ugonjwa wa velveti, adui mkubwa wa jamii hii. Usimnunue, wala usimchukue mwenzake aliye tangi hilo hata kama yeye anaonekana msafi. Kisha mtazame kutoka juu: mgongo unyooke, tumbo lijae kiasi bila kubonyea nyuma ya kichwa. Dume mzuri hutanua pezi la mgongo na la chini kila anapokutana na dume mwenzake. Jike ana rangi ya kijivu isiyovutia, na hapo wanunuzi hukosea kwa kuchukua madume matupu. Tangi la madume watatu bila jike ni tangi la ugomvi. Chukua dume mmoja na majike wawili au watatu, katika lita 40 au 50, na hapo utaona kitu ambacho picha haionyeshi: dume anajilaza ubavuni kwa jike, anamfunika kwa pezi la mgongo, wanashuka pamoja hadi kwenye mboji iliyotandazwa chini, wanatetemeka kidogo, na yai moja linabaki humo.

Fundi wa samaki hawa hajulikani kwa tangi lake tu. Mwambie akuonyeshe mifuko. Mboji au nyuzi za nazi zenye mayai hukamuliwa hadi zibaki na unyevu wa tumbaku ya kusokota, zikafungwa kwenye mfuko wa nailoni ulioandikwa jina la samaki, mahali alikotoka na tarehe. Asiye na mifuko ana samaki wa msimu mmoja. Mwaka ukiisha amebaki na kioo kitupu.

Wa Ikola ni habari nyingine. Wafugaji wa Ulaya wanalijua jina la kijiji hicho kwa sababu ya Tropheus wake, samaki mweusi mwenye mkanda mpana wa njano katikati ya mwili. Kwenye miamba ya ziwani huyu hula mwani unaoota juu ya mawe, na utumbo wake ni mrefu kwa ajili ya chakula hicho. Mlishe nyama ya moyo wa ng'ombe au minyoo kila siku, na tumbo litavimba, atajitenga pembeni, kinyesi chake kitakuwa uzi mweupe. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, subiri samaki wajisaidie. Usione aibu kusimama hapo dakika kumi. Kinyesi cha kijani au cha kahawia kinasema mengi kuliko muuzaji.

Katika kundi bora la Tropheus, mkanda wa njano unaonekana kwa samaki wengi, si kwa mbabe mmoja tu. Ukimkuta mmoja anang'aa na waliobaki wamefifia, mapezi yamenyofolewa, wamejibana kwenye kona za juu, basi kundi ni dogo mno au tangi ni fupi. Samaki kumi na wawili au zaidi, kwenye tangi la sentimita 120 na kuendelea, hugawana ugomvi kiasi kwamba hakuna anayeuawa. Tafuta pia jike aliyevimba chini ya kidevu. Huyo amebeba mayai mdomoni, machache lakini makubwa, na atayalea humo kwa takriban wiki nne. Kundi lenye jike wa namna hiyo limetulia.

Maji ya Ziwa Tanganyika hayasamehe uzembe. Kwenye pH 7, amonia iliyo katika hali ya sumu haifiki hata sehemu moja kwa mia. Kwenye pH 9 inafika karibu theluthi. Kosa lile lile la kulisha kupita kiasi ambalo samaki wa maji laini wangelivumilia, hawa linawaua usiku mmoja.

Tukija kwenye majani, pima kwanza majani machanga, kisha yale makubwa ya zamani. Jani jipya likitoka la njano na mishipa ya kijani, madini ya chuma yamepungua. Jani la zamani lenye vitobo linadai potashi. Vallisneria, lenye majani marefu kama utepe, huota hata ndani ya Ziwa Tanganyika lenyewe, na linaweza kuchukua kaboni kutoka kwenye ugumu wa maji. Hilo ndilo la kuwekwa na samaki wa Ikola, likiwa limezungushiwa mawe mizizi isifukuliwe. Kwa wale wa Katuma, weka yungiyungi na Ceratophyllum lisilo na mizizi, ambalo linafyonza uchafu moja kwa moja kutoka kwenye maji na kuwapa majike mahali pa kujificha. Mwani wa kijani juu ya mawe ya Tropheus si uchafu. Anayeusugua anawanyima chakula chao.

Kipimo kigumu kuliko vyote hufanyika alfajiri. Majani hutoa oksijeni mchana, lakini usiku nayo huivuta, kwa hiyo oksijeni huwa chini kabisa kabla ya mwanga. Mwombe mwenye tangi akuruhusu kufika saa kumi na mbili asubuhi, taa haijawashwa. Samaki wakiwa juu wanahema kwa midomo, tangi limejaa kupita kiasi, na siku umeme utakapokatika usiku pampu ikasimama, hawatafika asubuhi. Tangi ninalolivulia kofia ni lile ambalo saa hiyo samaki wametulia katikati ya maji.

La mwisho ni asili ya samaki. Ndani ya hifadhi samaki hawavuliwi, na kabla ya kuchota kidimbwi chochote nje yake ongea kwanza na afisa uvuvi wa halmashauri. Usimrudishe samaki wa tangi mtoni, wala usimwage majani yake huko, hata kama alitoka huko huko, maana anaweza kurudi na ugonjwa. Kwa Tropheus jambo hili lina uzito wa pekee: kuna zaidi ya aina 100 za rangi, kila moja na ufuko wake, na zikiwekwa pamoja huzaana bila shida. Watoto wa mchanganyiko huo si wa Ikola wala wa kwingine. Muuzaji akikujibu kwamba wametoka "ziwani" tu, mshukuru, uondoke. Akitaja kijiji, akakuonyesha wazazi kwenye tangi lao wenyewe, hapo ndipo mnaweza kuanza kuzungumza bei.